Roboti na Mitego ya Wadudu Nyumbani: Kabla ya Kulipa, Fungua Chombo cha Taka

Tangu mvua za masika zianze, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wa Kisumu, Siaya na Busia yamekuwa ya aina moja, ingawa kila anayelalamika hudhani kwamba yake ni ya pekee. Mama mmoja wa Milimani alinunua roboti ya kufagia ili imsaidie kupunguza mende jikoni, na haukupita muda mrefu akaanza kuona mende wadogo wakitoka ndani ya roboti yenyewe. Kijana anayepanga chumba Nyalenda alinunua taa ya kuchoma mbu, ikajaa nzi wa ziwa mpaka ikaacha kuchoma kitu chochote, na alipotaka kuisafisha akakuta trei yake imefungwa kwa skrubu ambazo bisibisi ya kawaida haizishiki. Mwalimu mmoja wa Busia aliuziwa mtego wa feni unaonasa mbu vizuri sana, kisha huwaachilia wote kila umeme unapokatika.

Vifaa hivyo vitatu vina kasoro moja. Muuzaji hukueleza kwa bidii jinsi kifaa kinavyomkamata mdudu, lakini hakwambii kinamweka wapi akishakamatwa, jinsi ya kumtoa huko, na kama anaweza kujitoa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, sitazungumzia hapa nguvu ya kufyonza inayopimwa kwa paskali, wala muda wa betri, wala ramani za nyumba zinazochorwa kwenye simu, wala ile sauti inayokusalimu kwa Kichina mpaka uibadilishe. Hayo yote yamechapishwa kwenye boksi kwa herufi kubwa na kila mtu anaweza kuyasoma. Nimevipanga vifaa kwa kufuata chombo cha kukusanyia peke yake: je, kinafunguka kwa mkono bila bisibisi, kinaoshwa kwa maji, na kinabaki kimefungwa wakati kifaa kimezimwa?

Kabla ya kupanga chochote, mnunuzi sharti ajue anapambana na nani. Mende hutembea sakafuni usiku na hufuata makombo, mafuta na maji. Viroboto, hasa katika nyumba zenye paka au mbwa, hutaga mayai ambayo huangukia kwenye kapeti na katika nyufa za sakafu. Mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huingia usiku wakiongozwa na pumzi, joto na harufu ya mwili wa mtu. Nzi wa ziwa, ambao wageni wa Kisumu huwadhania mbu, hawaumi kabisa. Huibuka kutoka Ziwa Victoria kwa makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali kama moshi, na baadhi yao huwa wengi zaidi siku chache baada ya mwezi kuandama. Hao hufuata taa. Ama kunguni, hakuna roboti wala taa nitakayoitaja hapa itakayomwondoa, kwa kuwa harukii taa na hakai sakafuni akisubiri kufagiwa. Hukaa kwenye mishono ya godoro na mianya ya kitanda, na anayekuuzia kifaa cha umeme kwa ajili ya kunguni amekwisha kukupima akaona unadanganyika.

Nafasi ya kwanza: Roomba yenye chombo kinachooshwa

Sifichi kwamba naipendelea Roomba, na sababu yangu haihusiani na umaarufu wa jina hilo. Kampuni ya iRobot ya Marekani ilianza kuuza Roomba mwaka 2002, na kwa miaka mingi vyombo vyake vilikuwa na kasoro hiyohiyo ninayoilaumu. Katika matoleo ya 800 na 900, feni inayofyonza imo ndani ya chombo cha taka chenyewe, kwa hiyo ukikiweka chini ya bomba umeharibu mota. Toleo la i7, lililotoka mwaka 2018, lilihamishia feni kwenye mwili wa roboti, na tangu hapo chombo cha matoleo ya i, na baadaye j, ni plastiki tupu: unabonyeza, unachomoa, unamwaga, unakiosha kwa maji na sabuni, unakianika mpaka kikauke kabisa, kisha unakirudisha. Kichujio hakioshwi, hukung'utwa na baada ya muda hubadilishwa. Kitu kidogo kama hicho, kuhamisha feni kutoka hapa kwenda pale, ndicho kinachoamua kama roboti yako itakuwa mfagiaji au itakuwa nyumba ya mende.

Nieleze kwa nini nalisisitiza jambo hili. Roboti ya kufagia haiwindi mende. Mende mzima hukimbia anaposikia mtetemo, na makao yake ni nyuma ya kabati, chini ya friji na ndani ya nyufa ambako roboti haifiki. Kazi halisi ya roboti ni kuondoa chakula chake: chembe za ugali, vichwa vya omena vilivyoanguka wakati wa kuchambua, unga wa mandazi, sukari iliyomwagika karibu na birika. Mende asiyepata makombo hula dawa ya jeli iliyowekwa kwenye pembe, na hapo ndipo jeli hufanya kazi. Jikoni penye makombo kila mahali, jeli hupuuzwa. Lakini hebu fikiria chakula hicho chote kimekwenda wapi. Kimejazana ndani ya chombo kidogo cha plastiki, chenye giza, kilicho karibu na betri yenye uvuguvugu, na kwa bahati mbaya pamoja nacho amefyonzwa mende mmoja au wawili walio hai, kwa maana kufyonzwa peke yake si lazima kumuue mende. Jike wa mende wale wadogo wa kahawia hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Usipomwaga chombo usiku huohuo, umewaandalia chakula, joto na malazi, kisha unawatembeza nyumba nzima, chumba hadi chumba.

Kwa sababu hiyo napingana na wanaosifu kituo cha kujimwagia, yaani lile sanduku refu ambalo roboti hurudi kwake na kunyonywa taka zake zikaingia kwenye mfuko. Watengenezaji hujivunia kwamba hutahitaji kugusa taka kwa muda wa hadi siku 60. Huenda hilo ni jambo zuri katika nyumba ambayo taka zake ni vumbi na nywele. Katika jiko la Kisumu, penye joto na unyevu wa ziwa, mabaki ya omena yaliyokaa miezi miwili ndani ya mfuko wa karatasi ni balaa. Zaidi ya hayo, mifuko hiyo hutumika mara moja, na kuipata madukani hapa ni kazi nyingine. Nunua roboti isiyo na kituo hicho, uokoe pesa, umwage mwenyewe kila usiku kwenye mfuko unaofungwa, na mfuko huo utoke nje ya nyumba.

Kwa viroboto, roboti ina faida iliyopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walionyesha mwaka 2007 kwamba kufyonza kwa mashine kuliua asilimia 96 ya viroboto wazima, na wote waliokuwa katika hatua za uchanga. Majaribio hayo yalitumia mashine ya kawaida yenye nguvu, wala si roboti, kwa hiyo usitarajie kiwango hicho kutoka kwa kifaa kidogo cha betri; lakini roboti ina sifa moja ambayo binadamu hana, nayo ni kwamba haichoki kupita kapeti lilelile kila siku, na kupita kila siku ndiko kunakokatiza uzazi wa viroboto.

Jambo la pili linalonifanya niipendelee Roomba ya i au j ni zile brashi mbili za mpira badala ya brashi ya nywele ngumu. Brashi ya nywele ngumu hunasa nyuzi za kusukia nywele, na kwenye nyuzi hizo hunasa makombo, na kwenye makombo hayo hurudi sisimizi. Brashi za mpira huchomolewa na kupanguswa. Anayesukia watu nyumbani atanielewa haraka.

Kasoro zake nazitaja kwa haki. Bei ni makumi ya maelfu ya shilingi, sakafu ya saruji iliyopasuka huisumbua, na vigae au kapeti jeusi kabisa huweza kuidanganya ikadhani imefika ukingoni mwa ngazi ikagoma kusonga. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwezi wa Desemba mwaka 2025 iRobot iliomba kinga ya mahakama nchini Marekani kwa sababu ya madeni, ikakubali kuchukuliwa na Picea, kampuni ya China iliyokuwa ikiiundia roboti hizo. Anayenunua sasa anunue vichujio na brashi za akiba siku hiyohiyo, wala asingoje.

Nafasi ya pili: Roborock na Xiaomi

Matoleo mengi ya kampuni hizi mbili za China yana chombo kinachochomolewa kwa urahisi, na Roborock ina vichujio vinavyooshwa, jambo ambalo Roomba ya i au j haina. Yanapatikana zaidi na mara nyingi ni rahisi kuliko Roomba. Nayaweka ya pili kwa sababu ya mdomo wa chombo: katika baadhi ya matoleo mdomo huo hauna kifuniko kinachojifunga feni inapozimwa, na mende aliye hai hurudi kwa njia aliyoingilia. Chomoa chombo dukani, kielekeze chini, tazama kama kipo kipande cha mpira kinachoziba tundu. Kama kipo, nunua kwa amani. Yale matoleo yanayofagia na kupiga deki kwa pamoja yanataka uangalifu zaidi, kwa kuwa tangi la maji lisilokaushwa huwapa mende kinywaji walichokuwa wakikikosa.

Nafasi ya tatu: mtego wa feni

Hapa tunaacha sakafu na kuingia kwenye mambo ya mbu. Mtego wa feni huwavuta wadudu kwa mwanga, kisha feni huwasukuma ndani ya kikapu ambamo hukauka na kufa. Wengi wanaouza vifaa hivi hawajui kwamba mfano bora wa mtego wa aina hii ulijaribiwa karibu nasi kabisa. Kwenye Kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, na wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi waliweka mitego ya feni inayotumia umeme wa jua katika nyumba za wakazi, mradi ulioitwa SolarMal. Mtego huo uliitwa Suba, kwa jina la watu wa huko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kiwango cha watu wenye vimelea vya malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 katika nyumba zilizowekewa mitego kuliko zile ambazo zilikuwa hazijawekewa, na mbu wa Anopheles funestus walipungua kwa takriban asilimia 69.

Msomaji asikimbilie dukani kabla ya kumaliza sentensi hii: mtego wa Suba ulitumia harufu bandia iliyoiga harufu ya mwili wa binadamu, ulitundikwa nje ya nyumba, na wakazi waliendelea kulala ndani ya chandarua. Mitego inayouzwa madukani kwa kawaida haina harufu yoyote, ina mwanga wa buluu tu, na mwanga huo unawavutia nzi wa ziwa kuliko unavyomvutia Anopheles, ambaye anakutafuta wewe uliyelala. Kwa hiyo mtego wa feni ni kifaa cha kupunguza kero sebuleni jioni. Chandarua kibaki pale kilipo.

Sasa turudi kwenye chombo. Feni ikisimama, hakuna kinachowazuia wadudu kutoka isipokuwa kifuniko chepesi kinachoanguka chenyewe kuziba njia. Mtego usio na kifuniko hicho, katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, ni mtego wa muda. Jaribio lake ni rahisi: uwashe dukani, uuzime, kisha uchungulie kwa tochi ya simu. Angalia pia ukubwa wa kikapu. Kikapu cha kina cha vidole viwili kitajaa usiku mmoja nzi wa ziwa wakiibuka, feni itakwama, na mota itaungua kwa joto. Chagua chenye kina kirefu, kinachozungushwa na kutoka kwa mkono mmoja. Kiwekwe mbali na dirisha, pazia likiwa limefungwa, kwa maana mwanga unaoonekana kutoka nje unawaita nzi wa ziwa wa mtaa mzima waje kwako.

Nafasi ya nne: taa ya kuchoma wadudu

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, kwa sababu mlio wake humpa mnunuzi furaha. Kila anaposikia taa ikipasua kitu huhesabu mbu mmoja amekufa. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Delaware, Timothy Frick na Douglas Tallamy, walichapisha hesabu ya wadudu waliouawa na taa za aina hii katika makazi ya watu: kati ya wadudu 13,789, wale wanaouma walikuwa 31 tu. Waliobaki walikuwa wadudu wasiouma, baadhi yao wakiwa na manufaa. Sina shaka kwamba hesabu hiyo ingefanywa Dunga au Usoma, kando ya ziwa, sehemu kubwa ya mizoga ingekuwa ya nzi wa ziwa.

Kuhusu chombo, taa hizi ndizo mbaya kuliko zote. Mdudu anapopigwa na umeme hupasuka, na vipande vyake huruka pembeni badala ya kuanguka kwenye trei, ndiyo maana taa hii haifai kutundikwa juu ya meza ya chakula wala karibu na sufuria. Trei zenyewe nyingi ni sahani nyembamba iliyobanwa kwa skrubu, wavu wa kinga ni mdogo kiasi kwamba brashi inayokuja nayo haipiti, na mabaki yaliyogandamana kwenye nyaya hupunguza makali ya umeme mpaka taa inabaki kuwa pambo. Hoteli zinazojali hutumia aina yenye bango la gundi nyuma ya taa, ambayo haipasui mdudu bali humnasa. Bango likijaa hutupwa na kuwekwa jingine. Hiyo ndiyo taa pekee ninayoweza kuipendekeza, hasa kwa mwenye kioski cha chakula. Kumbuka kwamba tyubu ya mwanga huu huchoka baada ya takriban mwaka mmoja wa kuwashwa mfululizo, ingawa macho yetu bado huiona ikiwaka buluu.

Vya bei nafuu

Raketi ya mbu: inafanya kazi, chombo haina, unakung'uta nje. Nunua yenye betri ya lithiamu, usiiache ikae bila chaji, usiwaachie watoto. Vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza mbu kwa sauti isiyosikika: usinunue. Uchambuzi wa mwaka 2007 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, ulipitia majaribio 10 ya nyanjani na haukukuta dalili yoyote kwamba vinazuia kuumwa na mbu. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya serikali iliwaandikia onyo zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 mwaka 2001 kuhusu madai ya vifaa vya aina hiyo. Vingali vimepangwa kwenye rafu za mbele.

Vya leza, ambavyo vijana hunitumia video zake, viache kwanza. Tangu Nathan Myhrvold, mvumbuzi wa Marekani aliyewahi kuwa kiongozi Microsoft, aonyeshe hadharani mwaka 2010 mfano wa leza inayoua mbu akiruka, bado sijaona kifaa cha namna hiyo ninachoweza kumshauri mtu wa Kisumu akinunue. Kipo pia kifaa cha Kiisraeli kiitwacho Bzigo, ambacho humtafuta mbu chumbani kwa kamera na kumwelekezea nukta ya mwanga anapotua ukutani, kisha wewe unaamka na kumpiga kwa kandambili. Angalau hakina chombo cha kujaa.

Kuhusu wauzaji na bei

Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160, na kila duka la vifaa vya umeme lilipandisha bei na kutueleza kwa unyenyekevu kwamba si mapenzi yao, ni dola. Katika miezi iliyofuata mwaka huohuo dola ikashuka hadi takriban shilingi 130. Bei za roboti na mitego nilizokuwa nikizifuatilia hazikushuka kwa kiasi hicho, baadhi hazikutikisika. Nilipouliza katika duka moja la katikati ya jiji, nikaambiwa mzigo ule ni wa zamani. Mzigo wa zamani haukuwahi kuwa sababu ya kutopandisha bei.

Kinachoniudhi zaidi ni boksi lisilofunguliwa. Muuzaji atakwambia kwamba akilifungua kifaa kitakuwa kimetumika, na ukilifungua wewe nyumbani ukaona trei haitoki, atakwambia kwamba kimekwisha kufunguliwa na hakirudishwi. Sharti useme kabla ya pesa kutoka mfukoni kwamba unataka kuona chombo kikichomolewa, kikirudishwa, na kikikaa kimefungwa. Angalia kibandiko cha ISM, alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) iliyopo kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, na usome maandishi madogo chini ya kituo cha chaji: umeme wetu ni volti 240, na kifaa kilichoandikwa volti 120 pekee kimetoka katika soko jingine na kitaungua siku ya kwanza. Plagi ya miguu miwili iliyofungiwa kiunganishi cha bei ya chini inatosha kukupa sababu ya kuondoka.

Halafu uliza bei ya kichujio na ya mfuko au bango la gundi, na uulize kama vipo dukani leo, si kama vinaweza kuagizwa kutoka Nairobi. Risiti iandikwe jina kamili la toleo, maana "roboti moja" haikusaidii chochote wakati wa kudai waranti, na muda wa waranti uandikwe kwa kalamu mbele yako pamoja na muhuri wa duka. Muuzaji akianza kukutajia paskali, mwombe akuonyeshe kwanza jinsi mende anavyotolewa.